Bi. Maimuna binti Shomari, Aliyeitisha Kicheni Pati Bila Mwali

Mama,

Mwaka umeshatimia tangu alfajiri ile ya Ijumaa ulipotutoka, na bado mtu akiingia nyumbani kwetu Ilala anaweza kudhani umekwenda dukani tu na utarudi na maneno yako. Kanga yako ya kuswalia iko pale pale ulipoikunja. Tulitaka kuihamisha wakati wa kupaka rangi, Baba akatutazama jicho moja tu, tukaiacha.

Watu wanasema kumbukumbu iwe ya huzuni. Huzuni ipo, mama, wala hatuifichi. Lakini kila tunapokaa kukulilia hutokea mmoja wetu akakumbuka jambo lako, basi, kicheko. Kwa hiyo utatusamehe. Leo tunataka kujivuna. Tunataka hata wasiokujua wajue tulikuwa na mama wa namna gani.

Ulizaa madume matupu, manne: Abdulhamid, Shomari, Mudi na Hemedi. Kila mimba mtaa mzima ulikuombea binti, na kila mara mkunga alitoka na habari ile ile. "Sina binti, sina mtumishi," ulikuwa ukisema, "lakini Mungu kanipa mikono minane." Na mikono hiyo uliitumikisha! Abdulhamid alijua kusonga ugali kabla ya kujua kuendesha baiskeli. Shomari mpaka leo ndiye anayeitwa kusimamia pilau penye shughuli. Mudi siku moja alikataa kuosha vyombo, eti ni kazi ya wanawake. Ukamwambia, "Vizuri mwanangu, basi na kula ni kazi ya wanawake. Kaa hapo." Alikaa mpaka jua likazama, na hakurudia tena.

Dukani kwako Mtaa wa Mchikichi uliuza vyombo vya jikoni kwa jumla na rejareja. Mteja akichagua sufuria ulikuwa ukiigonga kwa kifundo cha kidole, unatega sikio, kisha unaamua. "Hii kitako chepesi, itakuunguzia wali. Chukua ile." Majirani wa maduka walikuona unajiharibia biashara kwa mikono yako mwenyewe. Thubutu! Watu walitoka Mbagala, walitoka Lindi, wakatoka mpaka Uvira huko Kongo kukutafuta wewe. Wote uliwaita wanangu, hata wenye mvi.

Lakini kuna jambo moja ambalo kina mama wa Kariakoo walikuhurumia kwalo, na hapo ndipo penye habari yenyewe.

Wasiojua waelewe kwanza. Ulikuwa mwanachama wa kikundi cha kina mama kinachoitwa Tuungane, chini ya mwenyekiti wenu Bi. Zamda, shoga yako wa tangu usichana. Binti wa mmoja wenu akiposwa, wengine wote humfanyia kicheni pati. Mnashona sare, mnapamba ukumbi, na kila mmoja anaingia akicheza, zawadi yake kichwani, anamtunza mwali vyombo vya kuanzia maisha. Leo kwako, kesho kwangu, na hiyo ndiyo huitwa zamu. Wewe ulitunza mabinti wa wenzako miaka nenda miaka rudi, na vyombo ulivyopeleka havikuwa vya kubahatisha. Zamu yako haikufika. Ingefikaje, nawe huna wa kumwoza? Kwa mtoto wa kiume hakuna kicheni pati, ndiyo kanuni ya kikundi.

Wenye midomo walisema, "Maimuna kazi yake kutunza tu, atatunzwa lini?" Ulikuwa ukicheka nao. Baba peke yake ndiye aliyejua kwamba ukirudi kutoka kwenye shughuli hizo ulikaa kitandani na sare yako mwilini, ukichelewa kuivua. Hukutuambia, naye hakutuambia mpaka ulipofariki.

Halafu vita vya Kongo ya mashariki vikachachamaa tena, watu wakavuka ziwa kukimbilia Kigoma. Tuliona kwenye runinga kama wengine, tukasema masikini, tukaendelea na chakula. Kesho yake simu yako ikalia dukani. Alikuwa Mama Faida wa Uvira, mteja wako wa siku nyingi, aliyekuwa akinunua masufuria kwako kwa marobota na kwenda kuyauza kwao.

"Mama, tulikimbia," alikwambia kwa Kiswahili chao. "Bintu byote bilibakia kule."

Ukamuuliza wanakula nini. Akasema unga wanapewa, maharage wanapewa, wenye misaada Mungu awabariki. Tatizo ni la kupikia. Sufuria hazitoshi, akina mama wanapanga foleni kusubiri mwenzao amalize kupika, na watoto wa wale wa mwisho wanalala kabla chakula hakijaiva. Hemedi alikuwa pale dukani. Anasema ulikata simu ukabaki unaitazama ile milima ya sufuria iliyokuzunguka, halafu ukasema kwa sauti, "Mtu aliyenunua kwangu kwa marobota, leo anaazima kijisufuria!" Ukafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo hukulifanya hata siku tulipougua surua wote wanne.

Ulikwenda moja kwa moja kwa Bi. Zamda.

"Shoga, nadai zamu yangu," ulimwambia.

Bi. Zamda anapenda kuhadithia mwenyewe alivyoshtuka. Alidhani umepata binti wa kulea, akaanza kupiga vigelegele. "Mwali ni nani? Anaolewa lini?"

"Mwali yuko Kigoma. Kavuka ziwa na nguo aliyovaa. Hana sufuria, hana ndoo, hana hata mwiko. Wala hayuko peke yake."

"Maimuna! Hiyo ni sadaka, siyo zamu. Tuchange kidogo kidogo tupeleke, tumalize. Zamu ni ya binti yako."

"Kuchanga kidogo kidogo nakujua. Kila mtu atatoa kile kisichomuuma. Zamu hakuna anayethubutu kuja nayo mkono mtupu, na mimi nawadai ninyi nyote. Nataka deni langu, nataka lipelekwe huko."

"Na kesho ukipata wa kumlea? Zamu hairudi, shoga yangu. Ukiitumia imekwenda."

"Iende," ukasema.

Nyumbani nako palichafuka. Baba yetu ni mtu mpole lakini siku hiyo alikuja juu. "Mke wangu, una zamu moja tu duniani. Wasipokuja je? Watakaa na kuuliza wacheze mbele ya nani, na aibu itakuwa yako." Ulimjibu kwamba wasipokuja utajua wenzio ni akina nani, na hilo nalo ni faida. Lakini tulikuona, mama. Wiki ile ulikuwa unatia chumvi mara mbili kwenye mchuzi. Uliogopa. Miaka yote ile ya kutoa, sasa ungepimwa mbele ya ukumbi mzima kama una mahali popote kwenye mioyo ya watu.

Ukatoa sharti moja lililowashangaza wote: asinunue mtu zawadi dukani kwako. "Watasema Maimuna kaitisha pati auze masufuria yake. Kariakoo maduka yamejaa, nendeni huko." Ya kwako uliyatoa mwenyewe, na hukutaka yatajwe.

Siku ikafika, Jumamosi mchana, ukumbi pale Mchafukoge. Sisi wanaume tulikuwa nje na kirikuu cha kubebea mizigo. Ndani walikuwamo wakamwana wako, na Najma, mke wa Abdulhamid, ndiye aliyetusimulia. Anasema kiti cha mwali mlikipamba kwa maua na vitambaa, kikakaa kitupu pale mbele. Ukakaa pembeni yake, mikono umeifumbata mapajani, macho mlangoni.

Walikuja, mama! Walikuja wote. Walikuja hata waliohamia Chanika, hata mabinti uliowatunza zamani ambao sasa ni watu wazima na watoto wao mgongoni. Sare ya zambarau mlango mzima. Wakaingia wakicheza, zawadi kichwani, vigelegele mpaka sisi huko nje tukaacha kupakia na kuanza kupiga makofi. Najma anasema ulilia bila kuficha.

Kisha zawadi zikafunguliwa.

Loh! Seti za glasi zenye ukingo wa dhahabu. Vikombe vya udongo vyembamba, ukivitazama tu vinavunjika. Hotipoti za maua. Blenda, na hakuna umeme wa kuichomeka huko zinakokwenda. Walikuwa wameambiwa vizuri kabisa: sufuria nzito, ndoo, sahani za bati, miiko, madumu ya maji. Wakasikia, wakaelewa, na walipofika madukani mkono ukakataa. Nani angeingia akicheza na ndoo ya plastiki kichwani siku ya zamu ya Bi. Maimuna? Aliyemtunza binti yake seti nzima ya vyombo? Kila mmoja alijisemea wengine wataleta masufuria, yeye alete kitu cha heshima. Masufuria yaliyopatikana yangeenea kwenye kona moja ya meza.

Ukasimama. Ukazunguka meza, ukigusa kimoja kimoja.

"Tumekuheshimu, shoga," Bi. Zamda akasema taratibu.

"Mmeniheshimu mimi, Mungu awalipe," ukajibu. "Mwali mmemsahau."

Wengine waliinamisha vichwa. Lori la kwenda Kigoma, la kijana Melkiori aliyekubali kutubebea bure, lilikuwa linaondoka kesho yake asubuhi. Bi. Zamda akakuuliza, "Sasa?"

"Sasa vaeni viatu," ukasema. "Maduka hayajafungwa."

Hapo tena, ninyi mnaosoma, mngetamani mngekuwepo. Milango ya ukumbi ikafunguka, wanawake wakatoka na sare zao za zambarau, kila mmoja na boksi lake kichwani, wakielekea Kariakoo. Na nje pale, matarumbeta! Kumbe Baba, aliyenung'unika wiki nzima, ndiye aliyewakodi kwa siri waje kukupongeza. Basi yakatangulia mbele, tarumbeta na ngoma, na ninyi nyuma mnacheza. Machinga wakasogeza biashara zao kupisha. Wapagazi wakaegesha mikokoteni. Watu wakauliza, "Bibi harusi yuko wapi?" Na kina mama wakajibu kwa pamoja, "Yuko Kigoma!" Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Sisi wanao tulikuwa nyuma na kirikuu, hatujui tucheke au tulie.

Duka la kwanza lilikuwa la Isidori, kijana wa Kichagga, mwuza glasi na vyombo, ambaye asubuhi ile alikuwa ameuza kuliko wiki nzima na hakujua ni kwa nini. Ukutani kwake, kama kwa wengi Kariakoo, pameandikwa kwa wino mwekundu: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekuletea glasi."

"Mama, tangazo hilo hapo."

"Nimeliona, macho ninayo. Nani karudisha? Mimi nakuuzia."

"Unaniuzia glasi zangu?"

"Zako zilikuwa asubuhi. Sasa hivi ni za mwali wangu. Mwali hana meza ya kuziwekea, anauza, anataka sufuria."

Isidori alicheka, lakini kichwa alikitikisa. "Mama, nakuheshimu. Nikikubali leo, Jumatatu Kariakoo nzima itanirudishia. Nitafunga duka."

Nyuma yako akasogea mwanamke mmoja wa sare, boksi la glasi kichwani. Winifrida, mkewe mwenyewe.

"Baba Jovin, pokea hii. Shingo inaniuma."

"Na wewe umo?"

"Nimo. Tena hizi nilikubembeleza asubuhi unipunguzie bei, ukakataa."

Watu waliojaa mlangoni waliangua kicheko, maskini Isidori akawa hana pa kuangalia. Lakini si kicheko kilichomlainisha, na tunataka tumpe haki yake. Wewe ndiwe uliyeinua mkono watu wakanyamaza, ukamwambia kwa upole, "Mwanangu, unamkumbuka Mama Faida wa Uvira?"

"Yule wa vikombe? Aliyekuwa anapita kwako kwanza halafu kwangu?"

"Huyo huyo. Anasubiri mwenzake amalize kupika ndipo aazime sufuria."

Isidori aligeukia rafu zake. Alichukua ngazi, akapanda mwenyewe, akaanza kuteremsha masufuria. Yale mazito, ya juu kabisa. Ulipoyagonga moja baada ya jingine hukukuta la kurudisha hata moja, na Isidori akasema, "Mama, hata mimi nina macho."

Baada ya hapo hatukuhitaji kuomba. Duka la pili walikuwa wameshasikia. La tatu walitoka nje na ndoo mkononi. Wengine walipokea glasi, wengine walitoa wakasema glasi tukae nazo. Wapo waliokataa pia, na wewe uliwaaga vizuri tu ukasonga mbele. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Kesho yake Melkiori akiwa ameshawasha injini ulipanda juu ya lori, umri wako ule, magoti yako yale. Uligonga kila sufuria. Yale yaliyokuja na watu wengine ukatoa kadhaa yenye kitako chepesi, ukateremsha, ukaweka ya dukani kwako. Mudi akasema, "Mama, hawa ni wakimbizi, chochote watashukuru." Tunamtaja kwa sababu yeye mwenyewe kasema tumtaje. Ulimgeukia ukamwambia, "Mkimbizi naye ana haki ya kula wali usioungua." Maneno hayo Mudi ameyabandika mlangoni mwa duka, juu ya kisanduku cha vyombo anachojaza kila msimu na kukipeleka kwa watu wa misaada. Duka halijafungwa, mama. Anagonga kama wewe.

Mzigo ulifika, wenye shirika la misaada waliupokea, wakaugawa. Ulikuwa ukisema mvua zikikatika utakwenda mwenyewe ukawaone wanawali wako. Tulikununulia na begi. Moyo wako haukungoja mvua zikatike. Daktari alisema ulikuwa umechoka siku nyingi, nasi tulikaa tukijiuliza ulichokea wapi bila sisi kukuona umeketi.

Siku ya mazishi nyumba ilijaa mpaka barabarani. Lakini ndani, kwa wanawake, kulikuwa na pengo ambalo kila mtu aliliona na hakuna aliyelisema. Mama akifa, mabinti zake ndio wanaokaa mkekani karibu na mlango wa chumba chake, ndio wanaoshikwa mikono na kupewa pole kwanza. Wakamwana wako walikaa, na walikaa vizuri. Bi. Zamda alikaa. Lakini wageni walipoingia na kuuliza, "Binti wa marehemu yupi nimpe mkono?" ilibidi wajibiwe kwamba hakuna.

Siku ya tatu Mama Faida akapiga simu. Tulimpokea tukidhani anatoa pole tu. Akasema yuko kambini, na kwamba tangu habari ilipofika wametandika mikeka nje, wanawake wote waliopokea vyombo vile, wamejifunga kanga, wamekaa tanga. Wanapokezana kupika, wanasoma dua kwa dini zao zote mbili. Viongozi wa kambi wakapita, wakauliza nani kafiwa.

"Tuliwambia ni sisi," akasema. "Tulifiwa na mama."

Baba alikuwa ameshika simu. Akaiondoa sikioni, akaita watu wote waje wasikie, na akawa hawezi kurudia.

Ewe mama yetu, ulitoa zamu yako ya pekee na ukadhani umeipeleka isikorudi. Tunajivuna nawe mpaka tunaona haya. Mwenyezi Mungu akurehemu, akukunjulie kaburi lako, akulaze pema peponi. Amina. Kisomo cha hitima kitakuwa nyumbani Ilala Ijumaa hii baada ya swala ya alasiri, na pilau atasimamia Shomari.

Unakumbukwa na mumeo, Mzee Uledi Mwinyimvua. Na wanao Abdulhamid, Shomari, Mudi na Hemedi. Na Najma na wakamwana wenzake. Na wajukuu zako. Na shoga yako Bi. Zamda na kina mama wote wa Tuungane. Na majirani zako wa Mtaa wa Mchikichi.

Kijana aliyetupangia tangazo hili alituuliza mara mbili kuhusu mstari unaofuata, kwa sababu juu tumeandika kwamba hukuzaa binti. Tumemwambia auache kama ulivyo.

Unakumbukwa na mabinti zako: Faida na mama yake, Nabintu, Sifa, Mapendo, Nsimire, Mwamini, Zawadi, na dada zao wote waliokukalia tanga. Hatukukusahau hata siku moja mwaka huu, mama, na hatutakusahau maisha yetu yote.